Wanawake 50 na Siku 18: Majibu ya Barua Kuhusu Ngome ya Mombasa

Wasomaji wangu, hamjambo.

Toleo lililopita kijana mmoja aliniuliza neno "meza" tumelitoa wapi. Nikamjibu kwamba ni la Wareno, kama bendera, leso, kasha na karata, kisha nikaongeza kwa haraka kuwa waliacha pia "ngome yao pale Mombasa". Kwa maneno hayo manne nimepata barua 11. Nimezisomea barazani kwangu hapa Cheyo, Tabora, jioni ya mvua ya kwanza, maembe mabichi yakidondoka juu ya bati la jirani kama mawe. Nimechagua tano. Moja inanikosoa, nayo nitaijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ana haki.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi niko kidato cha pili. Tuliambiwa darasani kuwa Fort Jesus ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu. Mwenzangu anabisha. Pia nauliza, kwa nini jengo la mizinga lipewe jina la Yesu?" (Mwanafunzi, Isevya)

Marahaba mwanangu. Mwenzako ameshindwa. Ramani ya ngome ile ilichorwa na Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno katika makoloni yao ya India. Wasanifu wa Italia wa zama zile waliamini kwamba mwili wa binadamu ndio kipimo cha jengo lililo sawa. Tafuta picha iliyopigwa kutoka angani, utamwona mtu aliyelala chali: ua wa katikati ni kiwiliwili, na buruji nne za pembeni ni mikono na miguu. Buruji ni ule mnara mnene unaotokeza kwenye pembe ya ukuta. Kazi yake ni kumwezesha mlinzi kumwona adui aliyejibanza chini kabisa, pale ambapo aliye juu ya ukuta ulionyooka hawezi kumfikia. Kila buruji inailinda nyingine. Kwa hiyo umbo lile linapendeza, lakini lilichorwa kwa ajili ya kuua.

Kuhusu jina, merikebu za Wareno zilisafiri chini ya bendera ya Shirika la Kristo, yenye msalaba mwekundu. Kila walipofika waliita mahali jina la mtakatifu au la sikukuu. Hata buruji za ngome hii zina majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Mathia na Mateo. Mfalme aliyeamuru ijengwe alikuwa Philip, aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja wakati ule.

Jua pia kwamba hawakuijenga walipofika tu. Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka 1498. Wareno waliupora na kuuchoma mji mwaka 1505, wakarudia mwaka 1528, na mara zote wakaondoka. Kilichowatia hofu ni Waturuki. Miaka ya 1580 nahodha wao, Ali Bey, alikuja pwani yetu mara mbili, na Mombasa ikampokea. Wareno walimshinda mwaka 1589, wakaona sasa lazima wakae palepale mlangoni. Ujenzi ulianza Aprili 1593, na kufikia 1596 ngome ilikuwa imesimama. Yaandike hayo kwenye daftari lako, mtihani haujali umbo la mtu.

"Mwangaluka Mwalimu. Umeandika 'ngome yao'. Yao ya nani? Marehemu mume wangu alikuwa Mdigo wa Likoni. Kila tulipokwenda kwao alinionyesha ngome ile, akisema Wareno walikaa humo miaka mia na kidogo tu, na hiyo yenyewe si kwa amani. Waliobeba mawe ni watu wa pwani. Naomba urekebishe." (Mjane, Nzega)

Mwangaluka dada yangu, na pole kwa kuondokewa na mwenzio. Narekebisha, na nitaanza na mawe kama ulivyoanza wewe.

Waashi waliletwa kutoka India. Vibarua walitoka Malindi, ambako mfalme alikuwa rafiki wa Wareno. Walichimba mwamba wa matumbawe mpaka sehemu za chini za ngome zikawa ni mwamba wenyewe uliochongwa, kisha wakajenga juu yake kwa mawe hayohayo na chokaa. Mwaka 2009 nilikwenda Mombasa kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, Kisauni. Kesho yake asubuhi, wenzangu wakiwa bado wamelala kwa uchovu wa ngoma, nilikwenda peke yangu nikaweka kiganja kwenye ukuta ule. Unakwaruza kama mgongo wa kenge. Ukisogeza macho karibu unaona magamba ya chaza na vijitundu vya viumbe vya baharini. Sisi wa Tabora tumezoea tofali la udongo mwekundu. Nilisimama pale muda mrefu, nikimfikiria mtu wa Malindi aliyeshika sururu juani, akikata bahari iliyogeuka jiwe.

Na amani, kama alivyosema marehemu, haikuwepo. Wareno walipomshinda Ali Bey walimtoa mfalme wa Malindi, rafiki yao, wakamweka atawale Mombasa. Mwanawe, Hasan bin Ahmad, akagombana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara kwa watu wa nyika, na huko akauawa mwaka 1614. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mtoto wake, Yusuf, naye akapelekwa Goa angali mdogo. Akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akalelewa na mapadri, akaoa huko, kisha akarudishwa Mombasa kuwa sultani. Fikiria mtoto huyo alivyokuwa akikua: chakula anachokula ni cha watu walewale, na kichwa cha baba yake kimeletwa katika mji uleule.

Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake. Alimuua kapiteni, Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini wakaangamizwa, wake kwa waume. Mimi siisifu siku ile. Watoto waliouawa hawakumkata mtu kichwa. Lakini naielewa, na nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka 31 kwamba kuelewa na kusifu ni vitu viwili. Merikebu zilizotoka Goa kuikomboa ngome mapema mwaka 1632 zilirudishwa nyuma. Hata hivyo Yusuf hakuweza kuishikilia. Alipanda merikebu akaondoka, na Wareno wakaingia tena mwaka huohuo wakakuta patupu.

Sasa sikiliza habari iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Mwaka 1650 Waomani walikuwa wamewafukuza Wareno kutoka Maskati, na watu wa pwani yetu wakaanza kuwaita waje kuwasaidia. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yaliizingira ngome ya Mombasa. Ndani kulikuwa na askari Wareno 50 hadi 70 tu. Waliobaki, mamia, walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wao. Desemba merikebu zilifika na msaada. Lakini baada ya msaada ukaja ugonjwa, tauni, na hiyo haikujali nani ana bunduki. Wakafa mmoja mmoja. Tarehe 28 Agosti 1697 akafa kapiteni.

Hesabu ya waliobaki kuilinda ngome ni hii. Bwana Daud wa Faza, kutoka kisiwa cha Pate. Jamaa zake 17. Wanaume Waafrika 8. Wanawake Waafrika 50.

Isome tena taratibu, dada yangu. Watu 76, na karibu theluthi mbili ni wanawake. Kutoka siku ile hadi tarehe 15 Septemba, merikebu nyingine zilipofika kutoka Goa, ni siku 18. Kwa siku hizo 18 ile niliyoiita "ngome ya Wareno" haikuwa na kapiteni Mreno. Ilikuwa mikononi mwa Mswahili wa Faza na wanawake 50, na haikuanguka.

Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nikiipita habari hii kwa sentensi mbili, maana kwenye kitabu cha darasani haimo, na kipindi ni dakika 40. Siku ile ya mwaka 2009 nilijua nimekosea. Nilikaa kwenye kivuli ndani ya ua, jua la saa sita likirudi kutoka kwenye kila ukuta, nikajiuliza mambo ambayo mwanamke yeyote angejiuliza. Maji yaligawanywaje? Agosti Mombasa si mwezi wa mvua kubwa, na ngome ilitegemea birika la kukingia maji ya mvua. Nani aliwazika wale wa tauni, na wapi, ilhali adui yuko nje ya ukuta? Usiku, mtu wa nje akitupa jiwe asikie kama kuna mlinzi, nani alijibu? Wanaume hawakuzidi 26, nao walihitaji kulala. Sina shaka kwamba zamu juu ya ukuta ule zilisimamwa na wanawake.

Usidhani nawafanya mashujaa wa upande mmoja. Daud hakuwa hapo kwa kuwapenda Wareno. Faza na mji wa Pate, ingawa ni za kisiwa kimoja, zilikuwa na ugomvi wa muda mrefu, na Pate ilisimama na Waomani. Na waliokuwa nje wakizingira walikuwa na Waswahili wenzao pia. Ndiyo sababu neno langu "yao" lilikuwa baya. Ndani watu wa pwani, nje watu wa pwani, na chini ya miguu yao mwamba wa pwani.

Vita viliendelea miezi 15 mingine. Merikebu moja ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka huo wa 1697, na wapiga mbizi walikuja kuipekua chini ya bahari kati ya 1977 na 1980. Vyombo vilivyotolewa humo nimeviona kwa macho yangu, vimewekwa ndani ya ngome. Tarehe 13 Desemba 1698, miezi 33 kamili tangu kuzingirwa, Waomani waliingia. Ndani walimkuta kapiteni mpya, watu 9 na padri mmoja. Siku chache baadaye msaada mwingine ukafika kutoka Goa, ukaona bendera ya Omani imepanda, ukageuza.

Baada ya hapo Wareno walirudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wenyeji wakawatoa moja kwa moja. Wakaja maliwali, yaani magavana wa Omani, wa ukoo wa Mazrui, ambao katikati ya karne ya 18 walijitenga na Omani na kutawala wenyewe. Sebule yao ingalipo humo ngomeni, na boriti zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, yaani Mombasa, aliishi katika enzi yao na tungo zake za vita ni za wakati huo. Mwaka 1837 Seyyid Said, sultani wa Omani, akawang'oa. Mwaka 1875 akida wa ngome alipoasi, manowari za Waingereza ziliipiga mizinga kutoka baharini. Mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza kuwa jela.

Basi, hesabu ya marehemu mume wako ni sahihi: kutoka 1593 hadi 1698 ni miaka 105, na katikati walitolewa. Sentensi yangu ifutwe. Isomeke hivi: Wareno walituachia maneno machache, na ngome ni ya Mombasa.

"Mwalimu, salaam. Mimi ni mstaafu wa reli. Zamani tulisema gereza, vijana sasa wanasema jela. Lipi la kwanza? Na kuna mtu kaniambia kuwa gereza maana yake ni kanisa. Nimemkatalia." (Mzee, Ng'ambo)

Salaam mzee wangu. Gereza ni la kwanza, jela tumelipata kwa Waingereza. Na huyo uliyemkatalia, naomba umrudie kwa wema, maana hakukudanganya. Kwa Kireno kanisa ni "igreja". Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, na wenyeji wakaliita jengo zima kwa neno walilolishika kwa sikio. Kwa muda mrefu gereza kwa Kiswahili lilimaanisha ngome. Kilwa Kisiwani mpaka leo kuna jengo linaloitwa Gereza, nalo ni ngome: Wareno walijenga pale mwaka 1505 wakaihama mwaka 1512, na kuta nyingi zinazoonekana sasa ni za enzi ya Waomani. Baadaye ngome zikatumika kufungia watu, na neno likahama na kazi.

Angalia safari ya neno hilo. Lilitoka kanisani, likawa ngome, likawa kifungo. Ngome ya Mombasa, iliyopewa jina la Yesu, ikamalizia kwa kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Baba yangu alikuwa mtu wa reli kama wewe. Mwaka 1956 alihamishiwa Kilindini, bandari ya Mombasa, akakaa huko miaka miwili kabla ya kurudishwa Tabora. Aliporudi hakutusimulia habari za Wareno hata siku moja. Alitusimulia kuhusu wafungwa waliotoka mlangoni asubuhi wakiwa kwenye mstari, wengine wembamba, na jinsi alivyokuwa akihama upande wa pili wa njia ili asikutane nao macho kwa macho. "Gereza la baharini," ndivyo alivyoiita hadi alipofariki. Mimi nilipofika na kuona watoto wa shule wakikimbizana kwenye ua uleule, wameshika soda, nilishindwa kuamini kuwa ni mahali pamoja. Ilifanywa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nami nikupe zawadi ya neno, kwa kuwa umeuliza maneno. Wakati pwani ilikuwa ikipokea "gereza" kutoka kwa Wareno, huku kwetu Unyamwezini tulikuwa na "ikulu", makao ya mtemi. Leo kila nyumba ya rais inaitwa kwa neno letu.

"Mwalimu, nasikia unasifiwa kwa kujua ya Mombasa. Sisi watu wa bara ngome ya pwani inatuhusu nini? Tuandikie ya hapa." (Msomaji, Ipuli)

Ndugu yangu, hasira yako naipokea, maana ya hapa ni mengi na yanaandikwa kidogo. Ila kamba ni moja. Yule Seyyid Said aliyechukua ngome ya Mombasa mwaka 1837 ndiye aliyehamishia makao yake Unguja muda mfupi baadaye, na ni chini ya bendera yake ambapo wafanyabiashara wa Kiarabu walijenga Kazeh, Tabora yetu ya zamani. Wazungu wa kwanza kufika, Burton na Speke, mwaka 1857, waliwakuta tayari wana nyumba na bustani. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi, na nguo, shanga na baruti zikapanda. Bila Mombasa kuanguka mikononi mwa Said, sijui kama njia ile ingekuwa na nguvu iliyokuwa nayo.

Na ngome tulikuwa nazo. Mirambo alikuwa na Iselamagazi kule Urambo. Hapa Unyanyembe, mtemi Isike alikuwa na ikulu yenye kuta imara, na Wajerumani waliishambulia mwaka 1892 wakashindwa. Wakarudi Januari 1893 wakiongozwa na Tom von Prince. Safari hii kuta zilivunjwa. Isike alipoona wamekwisha kuingia alikwenda kwenye ghala la baruti akaliwasha.

Nimewafundisha wanafunzi mwisho huo mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma, mtulivu, hajawahi kuuliza swali, alinyoosha mkono: "Mwalimu, waliokuwa ndani pamoja naye ni akina nani?" Nilimjibu kwamba ni familia, walinzi, na watu wa nyumba ya mtemi, kama ilivyo katika ikulu yoyote. Akasema, "Basi wataje nao." Tangu siku hiyo sikufundisha tena ngome kwa kuanza na aliyeamuru.

Wajerumani wakajenga boma lao Tabora, ambalo leo liko mikononi mwa jeshi. Nalisema hili kwa sababu kuna vijana wanaokwenda na simu kupiga picha, wakajikuta wanahojiwa. Litazameni kutoka barabarani. Kwa picha nendeni Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi. Hapo hamna wa kuwakataza, na tembe ni jengo la akili: kuta nene za udongo, paa la bapa, ua katikati. Ukitaka kujua ngome ya watu wa bara ilivyofikiriwa, anzia kwenye tembe.

"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la saba atakwenda Mombasa likizo kwa shangazi yake. Amesoma safu yako, anataka kuiona ngome. Aangalie nini, maana nasikia ni kubwa?" (Baba, Kaliua)

Marahaba baba. Si kubwa ya kumchosha mtoto, saa mbili zinatosha. Mwandalie hati ya kusafiria mapema, usingoje wiki ya mwisho. Akitokea upande wa Tanga kwa basi atavuka kwa feri ya Likoni, na ngome haiko mbali na hapo, pembeni ya Mji wa Kale. Shangazi yake atajua.

Watoto wote hukimbilia mizinga. Mwache aikimbilie kwanza, akishiba atulie. Kisha aende ukutani aweke kiganja kama nilivyoweka mimi, atafute gamba la chaza ndani ya jiwe. Aone handaki kavu nje ya ukuta, walivyolikata katika mwamba. Aingie sebule ya Wamazrui atazame juu, kwenye boriti. Kuna pia ukuta uliochorwa na Wareno wenyewe, michoro ya merikebu na watu. Asiupite mbio, mtu aliyechora vile alikuwa na hamu ya kwao.

Mwisho aulize birika la maji liko wapi, asimame kando yake. Amwombe shangazi amhesabie kwa sauti: jamaa 17 wa Faza na bwana wao, wanaume 8, wanawake 50, siku 18. Halafu ajaribu kugawa. Kama ni mzuri wa hesabu, aniandikie amepata vikombe vingapi kwa mtu kwa siku, na ameanza na birika lenye maji kiasi gani. Nitachapisha jibu lake hapa. Na abebe chupa yake ya maji, saa saba mchana ua ule hauna kivuli cha kutosha watu wote.